Nyaya za Umeme katika Uondoaji wa Chumba-Telezi cha Garinyumba: Utaratibu na Mtego wa Rangi

Utangulizi

Miongoni mwa nyanja ambazo Kiswahili hakijazizoea ni ile ya magari ambayo papo hapo ni makazi. Nchini Marekani na Kanada, familia nyingi husafiri, na baadhi huishi mwaka mzima, ndani ya magari makubwa yenye vitanda, jiko, bafu na sebule. Kitovu cha uundaji wake ni jimbo la Indiana, hasa Elkhart na viunga vyake, ingawa kampuni ya Winnebago, ambayo jina lake limekaribia kuwa jina la gari lenyewe, ilichipuka Forest City katika jimbo la Iowa. Makala haya yanaliita gari la namna hii garinyumba, ili kulitenga na tela la kuishi ambalo halina injini na ambalo hukokotwa na gari jingine.

Garinyumba lina dosari moja ya kuzaliwa nayo, nayo ni wembamba. Kwa jumla, barabara za Marekani haziruhusu gari kuzidi upana wa takribani mita 2.6, na sebule ya upana huo ni kama ujia tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Newmar ya mji wa Nappanee, huko huko Indiana, ilikuwa msitari wa mbele katika kueneza suluhisho lake: sehemu ya ubavu wa gari iundwe kama sanduku lenye sakafu, kuta tatu na paa, ambalo husukumwa nje gari linapoegeshwa na kurudishwa ndani linapoanza safari. Mfano wake wa karibu ni droo, ambayo watu wa pwani waliiita mtoto wa meza. Mtu angeshawishika kukiita kifaa hiki mtoto wa gari, lakini jina hilo lingemfanya msomaji afikirie gari dogo. Kwa hivyo istilahi chumba-telezi ndiyo itakayotumika.

Chumba-telezi huondolewa kwa sababu kadha, na iliyo kuu ni maji. Mipira ya kuzuia mvua inapozeeka, maji hupenya hadi kwenye sakafu ya mbao za kugandishwa, nayo huoza polepole bila mwenyewe kujua mpaka siku mguu unapodidimia. Kuibadilisha sakafu hiyo aghalabu hulazimu sanduku zima, lenye uzito wa mamia ya kilo, kutolewa katika nafasi yake. Wapo pia wanaoliondoa moja kwa moja na kujenga ukuta mahali pake. Kazi ya kuinua na kushusha ina hatari zake, ila hatari hizo zinaonekana kwa macho. Umeme hauonekani, na ndio unaoshughulikiwa hapa.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa Kiswahili ana hisa gani katika jambo hili. Wapo wasemaji wa Kiswahili kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wanaoishi Marekani na kujipatia riziki kwa kazi za mikono, wengine wao wakiwa walijifunza ufundi wa umeme kabla ya kuhama. Mtu wa aina hiyo akiomba atafsiriwe maelezo ya kazi, mfasiri atakuwa ameshika roho ya mtu mkononi. Kama itakavyobainika, kuna maneno katika maelezo haya ambayo tafsiri yake ni sahihi kabisa kwa mujibu wa kamusi na bado inaweza kuua.

Umeme wa Aina Mbili Chini ya Paa Moja

Nyumba ya kawaida ina umeme wa aina moja, na gari la kawaida vivyo hivyo. Garinyumba lina zote mbili. Kwanza kuna mkondo mnyoofu wa volti 12 utokao kwenye betri. Huu ndio uwashao taa za ndani, pampu ya maji na, kwa kawaida, mota ya kukisukuma chumba-telezi chenyewe. Pili, kuna mkondo geu wa volti 120 ambao hupatikana gari linapochomekwa kwenye nguzo ya umeme kambini, au jenereta inapowashwa. Huu ndio unaolisha soketi, runinga, kipoza-hewa na tanuri ndogo. Mifumo hii miwili hupita bega kwa bega ndani ya kuta zile zile, na chumba-telezi cha sebule kwa kawaida huwa na nyaya za yote miwili.

Ni kosa kuudharau umeme wa volti 12 kwa kuwa hautetemeshi mkono. Volti hizo hazitoshi kumpiga mtu mwenye ngozi kavu, lakini betri kubwa ikiunganishwa ncha kwa ncha kwa spana huweza kusukuma mamia ya ampea kwa mpigo. Spana huiva ikawa nyekundu, na pete ya kidoleni humuunguza mwenyewe hadi kwenye mfupa. Volti 120 nazo huua kwa njia inayojulikana. Anayefanya kazi hii huvua pete, saa na mkufu kabla ya kugusa chochote.

Kuzima si Kubonyeza Swichi

Kuchomoa kebo kwenye nguzo ya kambi ni mwanzo tu. Magari mengi yana jenereta ambayo hujiwasha yenyewe betri zinaposhuka nguvu, na fundi aliyelala chali chini ya gari anaweza kushtukia umeme umerudi bila mtu kugusa kitufe. Utaratibu huo wa kujiwasha sharti uzimwe. Isitoshe, kuna inveta, kifaa kinachochukua umeme wa betri na kuugeuza kuwa volti 120. Gari likiwa halijachomekwa popote na jenereta imelala, inveta peke yake huweza kuzifanya soketi ziwe hai. Wengi waliopigwa na umeme katika gari walilodhani limekufa walisahau kifaa hiki. Hata baada ya kuzimwa, ndani yake mna vihifadhi chaji ambavyo huchukua muda kutulia, kwa hivyo dakika chache za subira zinahitajika.

Ikiwa paa lina paneli za jua, hizo nazo zina mfuatano wake. Paneli hutenganishwa kwanza na kidhibiti chaji, kisha ndipo betri hutenganishwa. Kuzitoa betri huku paneli zingali zinasukuma umeme huweza kukiharibu kidhibiti. Kisha huja zamu ya betri zenyewe, za nyumba na ya injini pia. Ncha hasi hutolewa mwanzo na kurudishwa mwisho. Sababu yake ni nyepesi: ncha hasi imeunganishwa na fremu ya gari, hivyo spana ikiteleza kutoka kwenye ncha hasi na kugusa chuma, hakuna litakalotokea. Iteleze kutoka kwenye ncha chanya huku hasi ingali imefungwa, na chuma chote cha gari kitakuwa njia ya kurejea kwenye betri.

Baada ya yote hayo, umeme huthibitishwa kuwa haupo kwa kupima. Kipimo kinajaribiwa kwanza mahali panapojulikana kuwa pana umeme, mathalani soketi ya karakana, kisha kwenye nyaya za gari, kisha tena kwenye soketi ile ya kwanza, ili ijulikane kuwa kipimo hakikufa katikati ya kazi. Kile kifaa mfano wa kalamu kinacholia kikisogezwa karibu na waya hutambua mkondo geu pekee. Mbele ya waya wa betri hunyamaza kimya, na kimya chake si ushahidi wa lolote.

Mtego wa Rangi

Fundi aliyefunzwa Kenya alirithi mpangilio wa Kiingereza. Katika nyumba za zamani za Kenya, waya mwekundu ndio wenye moto, mweusi ni wa nyutro, na wa kijani ni wa ardhi. Uingereza yenyewe iliubadilisha mpangilio huo kuanzia 2004 ili ulingane na wa bara la Ulaya: kahawia ikawa ya moto, samawati ikawa ya nyutro, na mistari ya kijani na manjano ikabakia ya ardhi. Mpangilio huo umeingia Kenya pia, na katika nyumba iliyoongezwa chumba baadaye mtu anaweza kukuta yote miwili katika kuta zilizopakana.

Marekani haikuwa na habari na hayo yote. Katika umeme wake wa volti 120, waya mweusi ndio wenye moto, mweupe ni wa nyutro, na wa kijani, au wa shaba tupu usiovishwa chochote, ni wa ardhi. Mwekundu nao ni wa moto pia, ule wa pili, ambao huonekana katika magari makubwa yanayochukua ampea 50, ambapo kebo ya kuingilia ina njia mbili za volti 120 na huweza kubeba jumla ya wati 12,000. Magari madogo zaidi huchukua ampea 30, yaani wati 3,600, na hayana mwekundu huo.

Tazama basi kinachotokea. Maelezo ya Kimarekani yanasema waya mweusi. Mfasiri anaandika waya mweusi. Hakuna mhakiki atakayelipinga neno hilo. Fundi wa Nairobi au Mombasa aliyezoea nyumba za zamani anasoma mweusi, na mkono wake, ambao kwa miaka ishirini umejua kwamba mweusi ni nyutro, unaugusa bila woga.

Isitoshe, weusi huo unabadilika maana hata ndani ya gari moja. Upande wa injini, ambako desturi ya magari inafuatwa, mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi. Upande wa makazi, waundaji wengi hutumia mweusi kuwa chanya cha volti 12 na mweupe kuwa hasi, kwa kuiga umeme wa nyumba, ilhali wengine hutumia rangi nyingine kabisa. Kwa hivyo katika sanduku moja la viungio chini ya chumba-telezi, waya mweusi mmoja unaweza kuwa moto wa volti 120, wa pili ukawa chanya cha betri, na wa tatu ukawa hasi. Unene wa waya na aina ya kebo husaidia kubainisha, lakini hakimu wa kutegemewa ni kipimo peke yake.

Lipo jambo la kiisimu hapa linalostahili kutazamwa. Kiswahili kina rangi tatu tu zenye mizizi yake ya kivumishi inayochukua viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Zilizobaki hutajwa kwa mlinganisho au kwa mkopo, kama vile kahawia, samawati na kijani. Kwa sadfa, rangi inayogongana waziwazi katika mifumo hii miwili, nyeusi, ni mojawapo ya zile tatu za asili, wakati kijani, rangi ya majani, ni ya ardhi pande zote mbili. Mfasiri mwangalifu hatoishia kwenye rangi. Ataandika kazi ya waya kwanza na rangi yake baadaye: waya wa moto, ambao katika gari hili ni mweusi.

Neno ardhi nalo lina mtego wake. Katika umeme wa volti 120, waya wa ardhi ni wa usalama, na katika hali ya kawaida haubebi mkondo wowote. Mafundi wa magari wa Marekani hutumia neno lilo hilo kwa waya hasi wa betri uliofungwa kwenye fremu, na waya huo hubeba mkondo wote wa mota unaporudi. Ukifasiri yote mawili kuwa ardhi, msomaji ataamini kwamba waya unaobeba ampea thelathini hauna kitu. Afadhali wa pili uitwe hasi ya fremu, na neno ardhi libakie na kazi moja.

Hesabu za unene nazo hazilingani. Fundi wa Kenya husema waya wa 1.5 kwa taa na wa 2.5 kwa soketi, akimaanisha milimita za mraba, na namba ikikua waya hunenepa. Kipimo cha Marekani kinakwenda kinyume. Waya wa namba 10 ni mnene kuliko wa namba 12, na wa 12 ni mnene kuliko wa 14. Kwa shaba, namba 14 hulindwa kwa fyuzi au swichi-kinga ya ampea 15, namba 12 kwa ampea 20, namba 10 kwa ampea 30. Anayekosea mwelekeo wa hesabu hii na kurefusha waya wa namba 10 kwa kipande cha namba 14 ameunda kikanza ndani ya ukuta wa mbao.

Njia ya Nyaya na Namna ya Kuzitenganisha

Kwa kuwa chumba-telezi husogea, nyaya zake haziwezi kukazwa kama za nyumba. Mara nyingi huteremka kutoka ukutani hadi chini ya sakafu ya sanduku, zikaning'inia katika kitanzi kilicholegea au zikalazwa ndani ya mnyororo wa plastiki unaojikunja na kujikunjua kila sanduku linapokwenda. Kabla ya kukata chochote, mtu huenda chini ya gari na tochi, akakitazama kitanzi hicho sanduku likiwa ndani na likiwa nje. Hapo ndipo ataona mahali plastiki ya waya ilipokwanguliwa na chuma kwa miaka kumi, na pengine kutambua kwamba taa iliyokuwa ikizimika yenyewe haikuwa na kosa.

Nyaya za volti 120 zinapokutana na za gari huwa ndani ya sanduku la viungio lenye kifuniko. Hilo ndilo pahala pa kuzitenganisha. Kuzikata katikati ya safari yake ni kujiletea kazi, kwa sababu kiungio cha umeme wa volti 120 hakiruhusiwi kuachwa kikining'inia hewani, hata kikifungwa tepu kiasi gani. Nyaya za volti 12 mara nyingi huwa na plagi za kuchomoa, na zisipokuwa nazo, hukatwa sehemu ambayo mkono utafika tena siku ya kurejesha, ukiachwa urefu wa kutosha kila upande.

Kila jozi hupewa alama ile ile pande zote mbili kabla ya kutenganishwa, na hupigwa picha. Alama iseme kazi, kama taa ya dari au soketi ya nyuma ya sofa, isiseme rangi pekee. Baada ya majuma mawili ya kushughulikia sakafu, hakuna akumbukaye mweupe upi ulikutana na mweupe upi.

Mbali na umeme, huenda mabomba ya maji na mpira wa gesi vikafuata njia hiyo hiyo iwapo jiko limo katika sanduku. Gesi hufungwa kwenye mtungi kabla ya kazi yoyote kuanza.

Jambo linalosahaulika ni kwamba soketi hupokezana umeme kama watu wapokezanao ndoo kisimani. Soketi ya chumba-telezi inaweza kuwa ndiyo inayoipa umeme soketi ya nje iliyo mbali nayo, nayo yenyewe ikawa inalindwa na soketi-kinga iliyoko bafuni. Anayeondoa chumba-telezi kabisa na kuziba nyaya zake hushangaa kuona friji imezima upande wa pili wa gari. Dawa si kuurudishia mfumo waya wa mkato, bali kuufuatilia mnyororo mzima na kuunganisha kiungo kilichokosekana ndani ya sanduku lililofunikwa. Waya wa volti 120 ambao hautatumika tena ni heri utolewe hadi kwenye paneli na kufunguliwa katika swichi-kinga yake. Ule wa volti 12 hung'olewa fyuzi, ukazibwa ncha, ukaandikwa.

Mota na Ubongo Wake

Mota ya chumba-telezi ina tabia inayowachanganya wengi. Ili isukume nje, kidhibiti huipa chanya kwenye waya mmoja na hasi kwenye wa pili. Ili ivute ndani, huzibadilisha. Kwa hivyo hakuna waya wa mota ulio chanya daima, na ukipimwa leo na kesho huweza kutoa majibu yanayopingana bila kipimo kuwa na hitilafu. Zikirudishwa kinyume, sanduku litatoka linapoamriwa liingie, na hilo si la kuchekesha ikiwa mtu amesimama ubavuni.

Katika mifumo ambayo mota mbili hufichwa ukutani, moja kila upande, kidhibiti huhesabu mizunguko ya kila mota kupitia nyaya nyembamba za ishara ili pande zote zisogee pamoja. Nyaya hizo nyembamba zikipishanishwa, upande mmoja hutangulia na sanduku hukwama mshazari. Plagi za mota hizi hutiwa alama ya kushoto na kulia mapema. Zaidi ya hayo, magari mengi hayaruhusu mota kuzunguka breki ya kuegesha ikiwa haijafungwa, na baadhi hupiga kengele endapo swichi ya mahali haioni sanduku limeingia lote. Chumba-telezi kikiondolewa kabisa, swichi hiyo itasubiri sanduku ambalo halitarudi, na kengele italia barabarani hadi saketi yake itakaposhughulikiwa kwa mujibu wa mchoro wa gari husika.

Kurejesha

Umeme haurudishwi kwa mpigo mmoja. Hurejeshwa betri kwanza, ncha hasi ikiwa ya mwisho, kisha paneli za jua. Mota hujaribiwa kwa hatua fupi fupi, mtu mmoja akiwa kwenye swichi na mwingine chini ya gari akikitazama kitanzi cha nyaya kama kinajikunja bila kubanwa. Sauti ya mota ikibadilika, kazi husimama.

Kabla ya kuchomeka volti 120, huhakikishwa kwamba waya wa ardhi wa chumba-telezi umefungwa tena kwenye chuma cha sanduku na kwamba una mawasiliano yasiyokatika hadi kwenye fremu. Waya huu ukisahauliwa, kila kitu kitafanya kazi: taa zitawaka, runinga itaonyesha, na hakuna atakayeshuku. Siku ambayo waya wa moto utakwanguka na kugusa bati la ukuta, umeme hautakuwa na njia ya kurudi itakayoifanya swichi-kinga ikate. Bati lote la nje litakaa na volti 120 likimsubiri mtu wa kwanza atakayeshika mkono wa mlango akiwa amekanyaga nyasi zenye umande. Vilevile hukaguliwa kwamba nyutro na ardhi hazikuunganishwa pamoja ndani ya gari, kwani muungano huo mahali pake ni kwenye chanzo cha umeme, na ukifanywa garini huweza kulitia bati umeme kwa njia nyingine.

Mwishowe, gari likiwa limechomekwa, ncha moja ya kipimo huwekwa kwenye bati la chumba-telezi lililokwanguliwa rangi kidogo, na nyingine kwenye chuma kilichopigwa ardhini palipo na unyevu. Kipimo kikionyesha zaidi ya volti chache, kebo huchomolewa kwenye nguzo papo hapo, na sanduku la viungio hufunguliwa upya.